Mpiga Fidla Asiyegeuka

Tangu afiwe na mkewe, mpiga fidla hufanya mazoezi akiupa mlango kisogo. Muziki wenyewe ni mpya, wa fidla peke yake, umetungwa kutokana na kisa cha kale cha mume aliyemfuata mkewe kuzimu, akaambiwa asigeuke nyuma mpaka watoke, naye akageuka. Noti ya mwisho ndiyo huko kugeuka. Hajawahi kuipiga; akiikaribia tu, huinua upinde kutoka kwenye nyuzi, akaanza upya. Leo shemeji yake alimletea chai, miguuni kavaa, bila kufikiri, kandambili za marehemu dada yake. Zikalia sakafuni vilevile kama zamani. Upinde ukasimama hewani.

“Ni mimi, shemeji.”

“Najua,” akasema, hakugeuka. “Ungalinyamaza kidogo tu, nizisikie.”