Batani ya Redio

Makosa ni yangu, na nimechoka kuyabeba peke yangu. Nitukaneni mkitaka, lakini kwanza nisikilizeni.

Mimi ni sekretari katika ofisi moja mjini Nyeri. Mashine ya faksi ilipoletwa, nilipewa kazi ya kuingiza namba kwenye batani zake, ili mtu abonyeze mara moja tu: benki, duka la spea huko Nairobi, redio ya matangazo ya vifo. Niliringa, jamani! Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Wala sikujaribu batani hata moja.

Kisha anayetupikia chai, nitamwita Mama Wairimu, akafiwa na mamake kule Tetu. Kaka yake, Ndirangu, alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano Narok, mahali pasipo simu. Habari ingemfikia kwa redio tu. Niliandika tangazo, nikabonyeza, na karatasi ikatoka imeandikwa kwamba limefika.

Jioni ile halikusomwa. Kesho yake pia, kimya. Mama Wairimu akanijia.

"Miss, si niende tu posta nipigie hao watu ya redio?"

"Ati posta? Mama, hii mashine haikosei. Hao wako na matangazo mingi, watasoma tu."

Aliniamini, maskini! Wakazika bila Ndirangu.

Baada ya mazishi, mtu wa duka la spea akanipigia simu. "Nyinyi, mbona mnatutumia matangazo ya matanga?" Nikaenda kuziangalia namba kwenye mashine. Nilikuwa nimeweka namba ya duka kwenye batani ya redio!

Nikairekebisha kimyakimya. Mama Wairimu aliponiuliza tena, woga ukanishika, nikasema uongo ambao sitausahau. Nilimwambia lilisomwa mchana, wao wakiwa na wageni, na kwamba nililisikia kwa masikio yangu.

Ndirangu alikuja mwisho wa mwezi, amemnunulia mamake blanketi. Dadake akamzuia langoni.

"Ulisikia ukanyamaza! Hapa si kwenu tena."

Alilia, akaapa hakusikia chochote. Nani angemwamini, na sekretari mzima amesema alisikia? Aliondoka na blanketi lake, na hajarudi.

Mimi ndiye huletewa kikombe cha kwanza cha chai, kabla hata ya meneja, ati nilimsaidia Mama Wairimu kwenye msiba. Chai yenyewe hainishuki!

Ninyi mnaokabidhiwa mashine hizi, jaribuni kila batani. Pigeni simu muulize kama karatasi imefika. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama ni kufutwa ufutwe. Ukichelewa, mdomo unakuwa mzito. Wangu ulishakuwa hivyo.

Juzi mgeni alimuuliza Mama Wairimu wako wangapi kwao. Akajibu, "Mimi nilizaliwa peke yangu."

Nilikuwa hapohapo, kikombe mkononi. Nikanyamaza tena.