Kamati Imekaa, Prosesa Haikai

"Vibali vyote vipo," alisema bwana mmoja wa ofisini, akiweka bahasha ya kaki juu ya kompyuta kuukuu aliyoileta kwa fundi, pale mtaani Nkuhungu. Mimi nilikuwa nyuma yake na kibodi yangu iliyokwama herufi.

Fundi, mama mwenye miwani, aliitoa prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, kwenye bahasha akaitazama, kisha akafungua kompyuta na kutazama ndani.

"Kaka, hii haiendani na mazabodi yako, huu ubao mkuu. Soketi, pale inapokaa prosesa, ni ya zamani. Mlipima kabla ya kununua?"

"Kamati ilikaa mara tatu."

"Kamati imekaa, kaka. Prosesa ndiyo haikai."

"Isukume kidogo."

"Nikisukuma, pini zote zinapinda."

Bwana alinyoosha tai. "Mbona mimi nilitolewa idara ya mifugo nikaletwa ya ardhi, na nimekaa?"

Fundi alimtazama kuanzia kiatu hadi kipara, bila haraka. "Wewe ulikuja na barua. Soketi haisomi barua."

Nawapongeza wanakamati. Wamekaa vikao vitatu, wakanywa chai na kutia saini, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kufungua kifuniko.

"Basi niandikie," bwana akasihi, "kwamba kompyuta imekataa uhamisho."

Nilikuwa naanza kucheka nilipoona karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kompyuta: DIRISHA LA VIWANJA. Kumbe ndiyo ile ninayoambiwa kila Jumatatu ofisi ya ardhi kwamba bado inafunguka. Faili la kiwanja changu limo humo.

Lenyewe limekaa vizuri sana.