Pombe Niliyoipoza kwa Barafu ya Sangara

Nilipika pombe kwa mara ya kwanza nikiwa na umri ambao wenzangu wengi wameshakatazwa na daktari hata kuinusa. Sikupika kwa kupenda. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao Usagara kusalimia, na salamu zikawa ndefu kupita kiasi. Nilipopiga simu akapokea kaka yake mkubwa, mzee ambaye hajawahi kunipenda na hajawahi kujisumbua kuficha.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nani mwenzangu?" Alijua vizuri ni nani.

"Ni mimi. Dada yako hajambo?"

"Hajambo kabisa. Amenenepa."

"Nilitaka kuja kumchukua."

"Karibu. Ila mtu aliyemkosea mke haji mikono mitupu, anakuja na pombe. Na wewe utaipika mwenyewe, kwa mikono yako. Tumesikia ni kazi ya maji na unga tu."

Hayo yalikuwa maneno yangu, na inabidi nieleze yalivyonitoka.

Tunaishi Nyakato, karibu na kiwanda nilichokifanyia kazi mpaka kikanichoka. Nyuma ya nyumba mke wangu alikuwa na jiko la nyasi, limeinama upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta. Humo ndimo alimopikia pombe ya mtama, na watu walikuja kuinywa kutoka mitaa ambayo mimi siijui. Mitungi yake ilikuwa imezikwa ardhini hadi shingoni, na sakafu ya udongo aliimwagia maji asubuhi na mchana. Mimi niliona aibu. Jirani zangu wote walikuwa na mabati, na mimi mstaafu, mtu wa kidato cha nne, nina kibanda cha nyasi kama mchunga ng'ombe. Basi nikakibomoa. Nikajenga jiko la matofali, nikasakafia kwa saruji, nikaezeka bati. Mitungi niliitoa nikapandia maua, na badala yake nikamnunulia mapipa ya plastiki ya rangi ya bluu.

Mke wangu alisimama mlangoni akaangalia juu. "Humu pombe itachemka bila moto," akasema.

"Pombe ni pombe," nikamjibu. Nilijiona nimesema jambo zito.

Kiangazi kikaingia. Siku ya kumbukumbu ya marehemu mama yangu walikuja wageni wa kanisani na wa ukoo, na pombe ya siku ile ilikuwa kali kwa namna mbaya, inakunja uso. Badala ya kunyamaza nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Karibuni siki, jamani. Kazi yenyewe ni maji na unga, lakini kuna wanaoishindwa." Wageni wakacheka kidogo, wengine wakaangalia miguu yao. Mke wangu aliosha vikombe vyote, akavipanga, na kesho yake akaondoka. Hakusema neno, na mimi nikadhani hajakasirika. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Kwa hiyo nikapika. Kuotesha ulezi na kuusaga niliweza, nilikuwa nimeona mara nyingi kimea kikianikwa uani. Nikapika uji wa mtama kwenye sufuria kubwa. Jirani yangu, mama mmoja auzaye chapati, akachungulia juu ya ukuta.

"Shikamoo babu. Unataka kuogea huo uji?"

"Marahaba. Napika pombe."

"Eh! Bibi yuko wapi?"

"Amekwenda kusalimia."

"Mpaka umejifunza kupika? Basi hiyo salamu ina maana yake," akasema, akarudi kwenye chapati zake akicheka.

Pombe ya kwanza niliiua kwa haraka. Uji ulikuwa bado unafuka moshi nikamwaga kimea na chachu, nikifikiri joto litaisaidia kuwahi. Ikakaa pipani kimya, haina povu wala sauti, na nilipofungua ikaniangalia tu kama maiti. Ya pili nikangoja uji ukawa vuguvugu, nikachanganya, nikaifungia jikoni, nikaenda kulala kidogo. Jua la mchana wa Nyakato huku Mwanza halina huruma. Nilipoamka nikasikia mabati yakilialia, na nilipofungua mlango, mfuniko wa pipa ulikuwa umeruka, povu limefika kizingitini, na harufu ikanipiga puani. Ilikuwa siki. Ile ile niliyowakaribisha wageni.

Nikasimama mle ndani. Jasho likanitoka mgongoni mpaka kwenye soksi. Chini saruji ilikuwa ya moto, juu bati lilikuwa la moto, na katikati nilikuwa mimi na pipa langu la bluu. Mtu mwenye akili angekaa chini pale pale akafikiri. Mimi nilitoka, nikafunga mlango, nikajiambia kwamba tatizo ni pipa.

Nikajaribu kulivika magunia yaliyoloweshwa. Nikaliweka ndani ya beseni la maji. Nikamwagia sakafu maji hadi nikateleza na kukaa chini bila kupanga. Kila nilipotia mkono pipani nilikuta joto la mtoto mwenye homa. Mama wa chapati akaniambia nilipeleke chumbani nikalale nalo, kwa kuwa nafasi ipo.

Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la kisomi. Nina rafiki wa zamani mwenye biashara ya samaki mwaloni, kule ziwani mitumbwi inakoshusha. Nilikwenda kwake nikaazima boksi lake kubwa la kupozea sangara, nikajaza barafu ile ile wanayowapozea samaki, na ndani yake nikatumbukiza ndoo yenye pombe yangu ya tatu. Nikafunika. Niwe mkweli, ilifanya kazi. Povu lilipanda taratibu, kwa adabu, na ndoo ilipopoa kupita kiasi nikapunguza barafu, ilipopata joto nikaongeza. Niliishi na lile boksi kama mtu anayeuguza. Nikaanza hata kuliongelesha.

Lakini siku ya kuchuja nikaonja, nikaonja tena. Chini kabisa ya ladha ya mtama kulikuwa na kitu kinaogelea. Nikajiambia ni pua yangu tu, imezeeka. Siku niliyoahidi Usagara ilikuwa imefika, na sikuwa na mtama mwingine wala ujasiri mwingine.

Ukweni walinipokea kwa heshima zote, na hilo ndilo lililoniogopesha. Wamekaa uani, shemeji zangu wote, na mkubwa wao katikati. Mke wangu hakuonekana. Wakamimina kwenye kikombe kimoja, akapewa mkubwa. Akanywa, akafumba macho, akafumbua.

"Shemeji," akasema, "hii umepika au umevua?"

Uani pakalipuka. Mdogo wao mmoja alicheka mpaka akashika mti. Kikombe kikazunguka, na kila aliyeonja alikuwa na lake: mmoja akaulizia ugali, mwingine akasema chunga mwiba. Mimi nilikuwa nimeshika kofia magotini, natabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Mke wangu akatoka ndani. Ni kweli alikuwa amenenepa. Akachukua kikombe, akanywa, akaiweka mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza. Kaka zake wakaacha utani, maana kwa pombe wanamwogopa.

"Imechacha vizuri," akasema. "Imekwenda polepole. Uliipozaje?"

"Kwa barafu."

"Barafu ya wapi?"

"Ya sangara."

Hakucheka. "Na kwa nini hukuiweka jikoni? Si nina jiko zuri, la matofali?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na kiangazi ndani yake, na uzee, na ubaya wa mtama wa mwaka huu. Nikamwangalia, hotuba yote ikanitoka kichwani.

"Mle jikoni hapakaliki," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoezeka bati." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuvuliwa nguo, nikamalizia mwenyewe. "Siku ile ya wageni pombe yako haikuwa na kosa. Niliiharibu mimi kwa paa langu, halafu nikakucheka mbele ya watu."

"Rudia," akasema shemeji mkubwa, mkono sikioni. "Sikio hili halisikii vizuri."

Nikarudia kwa sauti.

"Na hili jingine?"

Nikarudia tena, hadi kuku wakakimbia. Mke wangu akageuka kwa kaka zake akawauliza kama nyasi walizokata kwa ajili ya ghala zimebaki. Zilikuwepo. Akasema zipakiwe kwenye pikapu yao, na kwamba anayezitandika ni mimi, juu kule, na jirani wote wanaona. Nikasema sawa. Ningesema sawa hata angetaka niezeke na kitanda.

"Bado jambo moja," akasema shemeji mkubwa. "Pombe ya kuombea msamaha haimwagwi. Na sisi hatuinywi hii."

Nikainywa. Walinitazama nikimaliza, kwa upendo ambao sikuwahi kuuona kwao.

Tulikuwa hatujafika mbali na Usagara tumbo langu likaanza mazungumzo yake. Nikamwomba dereva, mtoto wa shemeji, asimame. Nikakimbilia vichakani. Tukaenda kidogo, nikamwomba tena. Mara ya tatu sikuomba, nilifungua mlango gari likiwa bado linatembea. Nikiwa nyuma ya kichaka nikasikia mke wangu akicheka kule garini, kicheko cha tumboni, kile ambacho nyumba yangu ilikuwa haijakisikia tangu nianze ujenzi. Halafu nikasikia hatua zake zikija.

"Nipe hilo koti, litachafuka," akasema akiwa amegeukia barabarani. Nikamnyooshea, akalishika. "Na uchuchumae vizuri, mzee. Ukivunjika mguu nani atapanda juu ya paa?"