Begi Limefika, Mtu Hayuko

Mwanangu, asubuhi moja ya ujana wangu niliamka Munich, kule Ulaya, nikatoka kwenda kituo cha treni bila mpango wowote kichwani. Mpango ulikuwepo, ila haukuwa wangu. Ulikuwa umepangwa na dada yangu mkubwa, Esperance, ambaye siye nyumbani tulikuwa tumeshamlilia matanga na kumwekea msalaba.

Ngoja nikueleze, usije ukadhani nimezeeka vibaya.

Vita vilipotufukuza kwetu Djugu, tulikimbia kwa makundi. Esperance alikuwa katika kundi la mbele, lililoelekea Boga. Siye tuliofuata nyuma tulikuta begi lake kando ya barabara, limefungwa zipu vizuri, limesimama wima kama linamngoja mwenyewe. Mwenyewe hakuwepo. Tuliita porini mpaka sauti zikakauka. Baadaye, tulipopata pa kukaa mtaani Ngezi, hapa Bunia, wazee wa familia wakasema inatosha. Tukalizika lile begi, kwa kuwa hatukuwa na kitu kingine cha kuzika. Mama akasimamisha msalaba wa mbao juu yake, na kila Jumapili alipita kufagia.

Kisha ikaja ile miaka ya amani ya mashaka. Bunduki zilikuwa kimya mjini, lakini mtu akigonga mlango hakuna aliyesema karibu kabla ya kuuliza ni nani. Katika miaka hiyo simu ya Mama ililia, na mwanamke akasema, "Mama, ni miye, Esperance."

Mama hakulia, wala hakusalimu. Alikaa chini taratibu, akauliza, "Mbuzi yetu ya kule Djugu iliitwa nani?"

"Directeur," ile sauti ikajibu. "Ilikula daftari za mudogo wangu, akaacha masomo."

Jina hilo, mwalimu mkuu kwa Kifaransa, ni kweli, na la daftari pia, ingawa masomo ningeyaacha hata mbuzi angefunga mdomo. Nilikuwa mtoto wa njia. Leo niko Ariwara nabeba mizigo sokoni, kesho niko Mahagi naangalia tu malori yanavyopita. Hakuna kona nisiyotaka kuchungulia.

Esperance alikuwa amevuka mto Semliki na watu asiowajua, akafika Uganda, na kutoka huko maisha yakamsukuma mpaka Italia, mji wa Verona. Siye tulikuwa tumehama, hakujua atupate wapi. Mfanyabiashara mmoja wa Ariwara ndiye aliyemfikishia namba ya Mama.

Utadhani tulicheza siku hiyo. Hatukucheza, mwanangu. Mtu uliyemzika akikupigia simu, mwili haufurahi upesi. Sauti ilikuwa yake, na Directeur alikuwa mbuzi wetu, lakini Mama aliendelea kufagia pale penye msalaba kila Jumapili. Jirani alipomuuliza kwa nini hauondoi, alisema, "Sauti inaweza kusema kitu yote. Nangojea mukono."

Ndipo parokia yetu ikaalikwa na parokia moja ya Munich kwenda kupiga ngoma. Nilikuwa mpiga ngoma, tena si mbaya. Mama aliponisikia akanishika sikio kama mtoto mdogo.

"Utaenda mpaka kwa Esperance. Umuguse mukono. Ukisha kumugusa, nitang'oa ile musalaba. Kama hukumugusa, itabakia."

Esperance akaanza kupanga safari kwa simu, na alipanga kama mtu anayejenga nyumba. Hakutaka nisafiri usiku. Alichagua treni ya mchana inayopita katikati ya milima, ili nione theluji, ngome za kale na mto wa rangi ya kijani. Alikata tiketi mapema kabla bei haijapanda. Alilipia na nafasi ya kiti, maana kule tiketi inakupa ruhusa ya kupanda, lakini kiti ni jambo jingine. Akachagua dirisha upande wenye milima mizuri zaidi.

"Sikiliza muzuri," alisema. "Wagoni ya katre. Utaketi wagoni ya katre mpaka mwisho. Usitoke mule. Umesikia?"

Alikuwa anasema behewa la nne. Nilijibu, "Ndiyo, Yaya, ndiyo," kama tunavyomwita dada mkubwa, huku macho yangu yakifuata pikipiki iliyobeba kitanda kizima barabarani.

Basi, asubuhi ile Padri wetu aliniruhusu niende nikarudi kabla ya ndege ya kundi. Nilikuwa na begi lenye kitenge na njugu za kukaanga kutoka kwa Mama, na ndani yake kijikaratasi chenye namba ya Esperance. Paspoti na tiketi vilikuwa kwenye koti. Nililipata behewa la nne, nikakipata kiti, nikaweka begi juu, nikaketi.

Milima ilikuja kama alivyosema. Mwanangu, sijui nikuelezee vipi. Ilisimama karibu na dirisha, myeupe, haina mtu wala moshi wala ng'ombe, na treni ilipita chini yake bila kelele, kama inaogopa kuiamsha. Kila kituo watu walishuka na hakuna aliyepanda. Walioshuka hawakuaga. Mwishowe nilibaki peke yangu na viti vitupu, kila kimoja na karatasi juu yake yenye majina ya miji, kuonyesha kwamba kina mwenyewe. Nilikuwa naketi kati ya watu ambao hawapo.

Kisha ukungu ukashuka na milima ikafutika. Kulikuwa na weupe tu, na katika kioo uso wangu.

Tuliposimama katika kituo cha mpakani, ambapo hubadilishwa kichwa cha treni, nikasikia mwanamke anaita kutoka mabehewa ya mbele.

"Weye! Kuya huku!"

Kwa Kiswahili chetu, mwanangu. Si cha redio, si cha pwani. Cha Bunia. Niliinuka, nikaacha begi pale juu, nikapita mlango wa kwanza, nikapita wa pili. Nilikuwa na sababu ya kujidanganya: kwetu mtu haachwi kuketi peke yake safarini, na sauti ikikuita unakwenda. Nilimkuta bibi mmoja mzee wa Kizungu, kofia ya sufu kichwani, akimenya tufaha kwa kisu. Mwingine hakuwepo. Sijui nilisikia nini siku ile. Pengine aliita kitu kwa lugha yake, na masikio yangu yaliyokuwa na njaa ya watu yakatafsiri. Sisemi zaidi ya hapo.

Alinionyesha kiti mbele yake. Nikaketi. Tukaanza kuzungumza Kifaransa, chake kibovu, changu kibovu zaidi, na tulielewana vizuri. Katikati ya mazungumzo nikasikia mshtuko mdogo, kama mtu amepiga chuma kwa kiganja. Nikafikiri ni kichwa kipya kimefungwa. Treni ikaondoka.

Nilipokumbuka njugu za Mama nikataka nimletee bibi aonje. Nikarudi nyuma. Mlango wa kwanza ulifunguka. Wa pili ulikataa. Nikapangusa kioo chake kwa mkono wa koti, nikachungulia.

Hapakuwa na behewa. Kulikuwa na reli mbili zinazokimbia kutoka chini ya miguu yangu na kuingia kwenye ukungu.

Nilirudi kwa bibi mbio. "Verona?" nikauliza. "Verona, ni hii?"

Alinitazama kwa huruma. Akachukua tufaha lake, akalikata katikati. Nusu moja akaisukuma upande huu wa meza, akasema jina la bonde asikokwenda mtu wa Verona. Nusu nyingine akaisukuma kule, akasema, "Verona." Kisha akanipa nusu ile ya kwanza niile.

Ndivyo zilivyo baadhi ya treni za huko. Zinaondoka zikiwa moja, na njiani zinagawanywa; mabehewa ya mbele yanakwenda kwao, ya nyuma kwao. Esperance alijua, ndiyo maana alirudia mpaka akachoka.

Lakini si kupotea kulikoniogopesha. Kupotea nimezoea. Niliona ule mlango wa behewa la nne ukifunguka Verona, na dada yangu amesimama anangoja. Niliona anaingia, anatafuta kiti. Kiti kitupu. Na juu yake begi, limefungwa zipu vizuri, limesimama wima.

Bibi alishuka katika mji wake mdogo, nami nikashuka nyuma yake, maana sikuwa na pengine. Bwana wa kituo akasema hakuna treni ya kurudi mpaka asubuhi. Ukungu ulikuwa umefunika nyumba hadi madirishani. Yule bibi alikuwa anapangisha vyumba kwa wageni. Akanipungia mkono nimfuate. Nilifuata kofia yake tu, mwili sikuuona. Chumba alichonipa kilikuwa cha mbao kuanzia sakafu hadi dari, safi, chenye joto. Juu ya kitanda, ukutani, palikuwa na msalaba wa mbao. Nilishindwa kukaa kwenye kile kitanda.

Simu ya bibi ilikuwa ukumbini. Namba ya Esperance ilikuwa kwenye begi. Namba ya Padri ilikuwa kwenye begi. Kichwani nilikuwa na namba moja tu, ya Mama. Nikapiga Ngezi.

"Mama, ni miye."

Akauliza polepole, "Mbuzi yetu iliitwa nani?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipoelewa alivyojisikia dada yangu.

"Directeur, Mama."

Nilisikia anavuta pumzi. "Esperance amenipigia, analia. Anasema, 'Begi imefika, mutu hapana.' Anataka tuanze matanga. Miye nimemuambia nyamaza! Nilisha kulilia mutu muzima mara moja, hiyo kazi ya bure sirudie. Uko wapi?"

"Sijui, Mama."

"Hujui! Iko mutu yeyote hapo mwenye akili?"

Nikampa bibi simu. Yeye alisema majina ya mji na ya nyumba yake kwa lugha yake, na Mama, ambaye hakuwahi kukanyaga Ulaya, aliyarudia kwa sauti kubwa, kipande kwa kipande, hata bibi akaanza kucheka. Nami niliporudishiwa simu nikasikia, "Sasa kaa hapo, nitamuambia Esperance. Usichungulie kitu. Hiyo miguu yako ndiyo itaniua, siyo vita."

Nililala sakafuni.

Asubuhi mlango uligongwa. Bibi alifungua kabla sijauliza ni nani. Ukungu ulikuwa bado umesimama nje, na ndani ya ukungu alisimama mwanamke aliyevaa koti refu, begi langu mkononi. Alikuwa na uso wa Mama, lakini uso wa Mama nilikuwa nimeuona pia katika ndoto nyingi baada ya yale mazishi. Nilinyoosha mkono kama nilivyoagizwa, nikamgusa.

Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Nilirudi nyuma hatua moja. Yeye akaingia, akaangusha begi sakafuni, akanipiga kofi begani.

"Weye mutoto! Juu ya nini ulitoka kwa wagoni ya katre? Nimesema mara ngapi? Nimepanda treni bila glovu, bila kula, na weye uko hapa unakula mapome ya watu!"

Alikuwa ameona matufaha ya bibi mezani. Sijawahi kugombezwa kwa utamu kama ule. Nikaanza kucheka, naye akaanza kulia, na bibi akaleta mkate. Nikaenda ukumbini nikapiga Ngezi tena.

"Mama, nimemugusa. Mukono iko baridi."

"Baridi?"

"Amesahau glovu. Lakini ananigombeza."

"Basi ni yeye," Mama akasema, akakata simu.

Jioni hiyohiyo aling'oa msalaba. Zile mbao hakuzitupa. Alipikia maharagwe, akamwalika katekista. Katekista alitazama jiko, akatazama sahani, akaamua kula.

Sasa nisikilize. Siku utakapokata tiketi ya treni nchi za watu, usiulize tu treni inaenda wapi. Uliza behewa lako linaenda wapi, na litakatwa kituo gani. Aliyekukatia akikwambia keti hapa, keti, na begi lako liwe pale ulipo. Namba ya mtu wako iweke kichwani, maana karatasi husafiri bila wewe. Na ukiona kitu cha mtu kimefika na mtu hayuko, ngoja. Piga simu. Uliza jina la mbuzi. Usiwahi kuchimba kaburi.

Tena si treni peke yake. Siye wa Bunia tuliwahi kuketi pamoja mji mzima, majirani na majirani, tukasikia mshtuko mdogo tukadhani wanabadilisha kichwa tu. Tulipogeuka kuwatafuta wenzetu, tukaona reli. Ukiusikia mshtuko kama huo, mwanangu, usiendelee na mazungumzo. Inuka ukatazame nyuma wakati mlango bado unafunguka.

Mungu akupe kiti cha dirisha upande wa milima. Akupe ukungu usiozidi siku moja, na nyumba yenye joto pale usipopajua. Na kila utakaposhuka, awepo mtu wako amesimama pale mlangoni, mzima, mwenye hasira kwa kuwa umechelewa.