Rangi ya Tallinn

Vuokko Niskala alizaliwa na nywele nyeupe kama kitani, sawa na watoto wengi wa hapa Kuusilampi, mji wetu mdogo wa nchi ya baridi, na sawa na wengi wetu akazipoteza alipoanza kuwa msichana. Zikageuka rangi ya barabara ya changarawe. Ndivyo tunavyoiita wenyewe, rangi ya barabara, na hakuna anayekasirika, kwa sababu hata anayekutania anayo. Mimi Marjut nimejipatia riziki kwa rangi hiyo maisha yangu yote. Wanawake wa mji huu huingia saluni kwangu kudai walichonyang'anywa.

Vuokko hakuwa mmoja wao. Alipika jikoni mwa shule mpaka akastaafu, nywele zikiwa chini ya kofia, na kwangu alikuja kupunguzwa ncha tu. Mumewe Tauno, dereva wa lori la magogo, alishafariki. Mwana wao wa pekee yuko Uswidi na hupiga simu Jumapili, huulizana hali ya hewa, basi. Rafiki alikuwa naye mmoja, Kerttu, waliyekoroga naye sufuria zile zile miaka nenda miaka rudi. Walipostaafu urafiki ulipoa bila ugomvi. Kila mmoja alidhani mwenzake amemchoka, na huku kwetu mtu haulizi jambo kama hilo. Ningekuwa mama yao ningewachapa wote wawili.

Mwezi wa Novemba Vuokko alikuwa anatimiza sabini. Mtu akitimiza sabini, gazeti letu la mji huandika jina lake, na siku yenyewe, kuanzia saa saba mchana, mlango huwa wazi. Hakuna kualikwa. Atakaye na aje, kahawa ipo. Asiyetaka wageni huandikisha kwamba siku hiyo atakuwa safarini, na nusu ya mji husafiri namna hiyo bila kutoka jikoni kwake. Sote tunajua, na bado hakuna anayebisha hodi, maana kumbishia hodi aliyesafiri ni kumwita mwongo mlangoni kwake.

Wanaogopa yaliyompata Aarne, fundi wa redio. Aarne aliandikisha kahawa, akaoka keki za kulisha kanisa zima, wakaja watu watatu, na mmoja wao alikuwa amefuata redio yake. Hadithi hiyo ilimfuata mpaka kaburini.

Basi Alhamisi ile nikasoma gazetini: Vuokko Niskala, sabini, Jumamosi, safarini. Kesho yake Ijumaa akaja saluni.

"Nataka blondi," alisema hata kabla ya kuvua koti. "Ile yangu ya zamani."

Akatoa picha. Msichana amekaa kwenye gati dogo la ziwani, nywele nyeupe pe, mashavu mekundu kwa jua. Nilimwambia ukweli: yule alikuwa na uso wa kuibeba rangi ile, lakini leo nikimpaka nyeupe hiyo ataonekana amemwagikiwa na unga. Akanuna. Nikamsogeza dirishani, kwenye mwanga usiodanganya, nikamwekea vishungi vya mfano shavuni kimoja baada ya kingine. Cheupe kilimfanya mgonjwa. Cha manjano kilimfanya kifaranga. Cha majivu kilimzima macho. Kisha nikaweka cha rangi ya asali iliyochanganywa na shayiri, na macho yake ya buluu yakajitokeza kama mtu aliyeitwa jina.

"Hiyo," alisema kwa sauti ndogo.

Nikaanza kazi. Nilichukua nyuzi nyembamba nyembamba, nikazipaka dawa na kuzifunga kwenye karatasi za foili, na kati yake nikaacha rangi kidogo ya barabara, hasa karibu na shingo. Blondi isiyo na kivuli ni kofia. Alipokuwa amekaa na foili zake kichwani, nikamtania: safari yenyewe ni ya wapi, mbona sioni sanduku?

Alicheka, halafu akaacha. "Nani atakuja, Marjut? Nikiandika kahawa na wasije, uso wangu nitauficha wapi?"

"Na ukiandika safari na wasije?"

"Hapo itakuwa adabu ndiyo iliyowazuia."

Nilimwosha, nikamkausha, nikamgeuzia kioo aone na nyuma. Sijisifu, lakini ile ilikuwa kazi. Ngozi yake ilipata uhai, mikunjo ya kando ya mdomo ikalegea, na akaonekana mtu wa sabini aliyelala vizuri. Alijitazama muda mrefu sana.

"Huyu angefaa kutembelewa," alisema.

Mlangoni, akifunga vifungo vya koti, aliongeza kwamba Kerttu husoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, lakini Kerttu toka zamani hakuwa mtu wa kufuata amri. Alisema hivyo akiangalia glavu zake. Ndipo nikaelewa nywele zile zilitengenezwa kwa ajili ya nani. Alitaka mtu mmoja tu, amjue kiasi cha kutoliamini gazeti.

Jumamosi theluji ilianguka asubuhi yote. Nilifunga saluni mchana, na adabu ikaniambia nenda nyumbani. Adabu yangu ina mipaka. Nilikwenda kwa Vuokko. Njia kutoka langoni mpaka mlangoni ilikuwa nyeupe, haijaguswa, maana aliyesafiri haondoi theluji kwa koleo. Nilibonyeza kengele. Nikainua kidirisha cha barua mlangoni, na harufu ya mkate wa iliki ikanipiga usoni.

"Vuokko, fungua."

Kisha sauti, karibu kabisa, kama ya mtu aliyeketi sakafuni nyuma ya mlango. "Mwenye nyumba amesafiri."

"Basi niongee na mlinzi."

"Mlinzi haruhusiwi kufungua."

"Mwambie hizo nywele zilizomo humo nimezitengeneza mimi. Nimekuja kuzikagua."

Akafungua. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kijipini cha fedha kifuani, na nywele zimekaa kama nilivyoziacha. Nadhani alilala ameketi. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa. Mezani aliwasha mshumaa, na kuuzunguka mshumaa kulikuwa na vile vikombe vyake vizuri vya ukingo wa dhahabu, vyote kumi na viwili, mkate wa iliki umekatwa, na keki ya malai haijaguswa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji yule alikuwa amekaa tangu asubuhi akisubiri kupona, na dawa ameizuia mwenyewe gazetini.

Nikanywa kahawa. Kila nilipoongezewa nilichukua kikombe kingine, ili jioni awe na vya kuosha. Aliona, akaendelea kumimina. Tulizungumza habari za nywele, jinsi ya kuziosha zisichujuke, na nikafurahi kwamba ana mtu wa kuzungumza naye, na nikaumia kwamba mtu mwenyewe ni mimi.

Mara tukasikia theluji ikilia chini ya miguu barabarani. Vuokko alifika dirishani kabla yangu, akashika ukingo wa pazia kwa vidole viwili.

Alikuwa Kerttu, na koti lake la kijivu, kifuani amekumbatia chungu kilichofungwa gazeti. Alisimama langoni akatazama madirisha. Kisha akatazama chini. Nyayo za buti zangu zilikwenda mpaka mlangoni, na hazikurudi. Alizitazama muda mrefu.

"Mwite," nilinong'ona.

"Siwezi. Niko safarini."

Nikainuka niende kufungua mwenyewe. Akanishika mkono wa sweta, kwa nguvu ambazo sikujua anazo. "Marjut, utaniaibisha."

Kerttu alifuta theluji juu ya nguzo ya lango kwa glavu yake, akaweka chungu pale, akakifunua. Ndani mlikuwa na ua jekundu. Halafu akageuka akaenda zake polepole, na njiani alisimama mara moja kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaendelea.

Vuokko alilia amesimama wima, bila sauti, mkono mmoja umefunika nywele. "Amekuja," alisema. "Amekuja, akafuata adabu."

Nilitaka kuliingiza ua, maana baridi ilikuwa inazidi. Hakukubali. Likiondoka leo atajua nimo, alisema, na nilipomwambia kwamba Kerttu ana macho, ameshajua, alitikisa kichwa tu. Ua lilikaa juu ya nguzo Jumamosi na Jumapili, naye alilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Jumatatu nilipopita lilikuwa limelala pembeni ya chungu kama mchicha uliochemshwa.

Wiki ile ile tukakutana dukani, wote watatu, mbele ya friji ya maziwa.

"Umerudi," Kerttu alisema.

"Nimerudi."

"Safari ilikuwaje?"

"Fupi."

Kerttu alimtazama nywele. Alizitazama zote, mpaka za shingoni. "Zimekupendeza kweli," alisema. "Tallinn?"

Wanawake wengi wa huku hupanda meli kwenda Tallinn, ng'ambo ya bahari, kutengeneza nywele, eti huko bei ni rahisi. Vuokko hakunitazama, nami nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake na pakiti yangu ya maziwa.

"Tallinn," alijibu.

Fadhila ya punda ni mateke. Nilijifanya nasoma pakiti. Kerttu akanigeukia.

"Wewe uliingia kwake Jumamosi. Niliona nyayo."

"Nilikuwa namwagilia maua," nilisema, kwa sababu lilikuwa la kwanza kunijia.

"Basi ungeliingiza na langu. Liliungua kwa baridi."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeijibu. Alikwenda kulipa. Vuokko alibaki ameshika mlango wa friji wazi mpaka kioo kikaingia ukungu, na nilimwacha, kwa sababu nilikuwa bado nimekasirika juu ya Tallinn.

Majira yale ya baridi walisalimiana kwa kichwa tu. Vuokko alikuja kwangu kila nywele zilipoota, mwaminifu kama mtu anayekwenda kliniki, na nilipomaliza hakuinuka upesi. Nilimwuliza kwa nini haendi kwa Kerttu akamweleza. Akasema atamwelezaje mtu jambo ambalo tayari analijua? Hilo ndilo gumu na watu wetu. Wakishajua wote, hakuna wa kuanza.

Aprili ikawa zamu ya Kerttu. Nilisoma gazetini: Kerttu Ahola, sabini, Jumamosi, safarini. Nikalitupa gazeti jikoni. Jioni hiyo hiyo simu ikalia.

"Una nafasi kesho?" Kerttu aliuliza. "Nataka ile rangi ya Tallinn."

"Tallinn ni mbali."

"Usijitie ujinga, Marjut. Nimefanya kazi na kichwa kile maisha yangu yote, naujua mkono uliokishika."

Nikampa saa nne. Kisha nikampigia Vuokko, nikamwambia mizizi ya nywele zake imeonekana, aje saa tatu na nusu. Mimi si mtu wa hekima, lakini jambo moja nalijua katika kazi hii: mtu mwenye foili kichwani hatoki barabarani.

Kerttu alipofungua mlango, Vuokko alikuwa amejaa foili mpaka masikioni. Walitazamana kwenye kioo. Nilimvua Kerttu koti kabla hajabadili nia, nikamketisha kiti cha pili. Ngozi yake ina wekundu, asali ya Vuokko ingemchoma, kwa hiyo nilimchanganyia iliyopoa zaidi, rangi ya mchanga wa kando ya ziwa. Nilimweleza hayo kwa maneno mengi, maana hakuna mwingine aliyekuwa anasema. Kisha hata mimi nikaishiwa. Walikaa bega kwa bega, wanawake wawili wamevaa karatasi zinazong'aa, kila mmoja anatazama mbele.

"Ua nililiona," Vuokko alikiambia kioo.

"Najua. Pazia lilitikisika."

Niliacha kupaka. Dawa ilianza kukauka kwenye brashi.

"Lilikuwa zuri," Vuokko alisema.

"Lilikuwa jekundu. Wewe unapenda jekundu."

Redio ilisoma hali ya hewa, na wote wawili wakaisikiliza mpaka mwisho kana kwamba wanapanda shamba kesho.

"Kesho unasafiri," Vuokko alisema.

"Nimeandika hivyo."

"Kuanzia saa ngapi?"

"Saa saba."

Vuokko akafikiri. Foili moja ililegea juu ya sikio lake, nikaikaza. "Na maua yako atamwagilia nani?"

Kerttu aliangalia mikono yake, akaiweka mmoja juu ya mwingine.

"Sina mtu," alisema.

"Nitakuja mimi."

Nikachovya brashi, nikarudi kazini upande wa shingo, mahali pa kuacha kivuli kidogo. Kerttu aliinamisha kichwa nipate nafasi.

"Ufunguo uko chini ya ngazi," alisema.