Mama Pole na Taarifa Zilizofungwa

Shangazi yangu amejibu simu za watu wenye hasira kwa miaka kumi na miwili. Kampuni anayoifanyia kazi inauza intaneti ya majumbani, na yeye ndiye anayepokea simu ya mteja ambaye intaneti yake imekatika. Humsikiliza, humtuliza, kisha humwongoza mpaka taa ya ruta iwake kijani. Wenzake walimpachika jina la Mama Pole, kwa kuwa neno hilo ndilo la kwanza kumtoka, na hulitamka taratibu kama mtu aliyeketi kando ya kitanda chako hospitalini.

Nilihamia kwake nilipomaliza chuo. Nililala kwenye kochi la sebuleni nikisubiri majibu ya barua za kuomba kazi, na ndiyo maana niliyaona haya kwa macho yangu.

Mwaka jana kampuni ilifunga ukumbi wake wa simu na kuwahamishia wahudumu kazi majumbani. Kila mmoja alipewa kompyuta, hedifoni na ruta, akaambiwa ashukuru kwa kupata intaneti ya bure. Masharti yalikuwa mawili. Kazi ifanyike kwa intaneti hiyo tu, si kwa bando la simu ya mkononi. Na kila dakika ambayo mhudumu hayuko hewani kupokea simu ihesabiwe kuwa hakuwepo kazini.

Shangazi aligeuza chumba chake cha kulala kuwa ofisi. Alisukuma kitanda ukutani, akaning'iniza blanketi dirishani ili kuzuia kelele za gereji ya jirani, akabandika karatasi mlangoni: NIKO HEWANI. Bibi, mama yake, aliyekuwa akilala chumba cha pili, aliisogelea karatasi ile mpaka pua ikaigusa.

"Imeandikwa nini hii?"

"Kwamba niko hewani, mama."

"Basi ukishuka unipikie chai."

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga kabisa, na la kulia lilikuwa linaelekea huko huko. Daktari alisema upasuaji ungefaa ufanyike kabla mwaka haujaisha, kwa sababu lile jicho lilikuwa na shida nyingine nyuma yake, na shida hiyo isingetungoja. Uwezo wa kulipia hatukuwa nao. Lakini wafanyakazi wa kudumu wa kampuni wana bima ya afya, na bima hiyo inamhudumia hata mzazi. Shangazi, kwa miaka yake yote kumi na miwili, alikuwa wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Kwa hiyo msimamizi wake alipotangaza kwamba watatu kati yao wangeajiriwa moja kwa moja, kwa kutazama rekodi za miezi mitatu, Shangazi aliingia jikoni akasimama mbele ya sinki bila kuosha kitu. Kisha akatoka akamwambia Bibi, "Mama, jicho lako tumelipata."

Hakuwa anajisifu bure. Rekodi ilipimwa kwa mambo mawili: dakika za kuwa hewani, na idadi ya taarifa za hitilafu ambazo mhudumu amezifunga ndani ya simu moja. Katika hili la pili hakuna aliyemkaribia. Nilimsikia kila siku kupitia ukuta.

"Pole sana, ndugu yangu. Naomba uizime ruta. Hesabu nami mpaka kumi, polepole. Haya, iwashe. Kijani imewaka? Hongera. Basi niandike kwamba tatizo limekwisha?"

Mteja akisema ndiyo, taarifa imefungwa. Intaneti ikikatika tena baada ya nusu saa, hiyo ni hitilafu mpya, na inaandikiwa taarifa mpya. Ndivyo kampuni ilivyopanga, na Shangazi ndiye aliyewafundisha wahudumu wapya kuuliza swali lile la mwisho mapema, wakati taa bado ni ya kijani.

Mwezi wa kwanza wa rekodi ulikwenda vizuri. Mwezi wa pili joto likaanza. Siku moja, saa nane mchana, nilisikia sauti yake ikikatika katikati ya neno pole. Alitoka na hedifoni shingoni, akaitazama ruta kana kwamba imemtukana. Aliizima, akahesabu mpaka kumi, akaiwasha. Taa ikawaka kijani. Akarudi kazini, na kabla hajakaa vizuri ikawa nyekundu.

Siku hiyo intaneti ilirudi saa kumi na moja jioni. Kesho yake ikakatika saa nane tena.

Alifanya kama anavyofanya mteja yeyote: akapiga simu kituo cha huduma. Aliyepokea ni kijana aliyemfundisha mwenyewe.

"Pole sana, mama. Naomba uizime ruta."

"Nimeshaizima, mwanangu."

"Naomba tuizime pamoja, ili nijaze fomu."

Wakaizima pamoja, wakahesabu pamoja. Taa ikawaka kijani. Kijana akauliza aandike kwamba tatizo limekwisha, na Shangazi akasema ndiyo. Nilikuwa mlangoni nikamtazama kwa mshangao.

"Lakini halijaisha, Shangazi."

"Najua. Ila nisiposema ndiyo, rekodi ya mtoto wa watu inaharibika. Nitapiga tena kesho."

Alipiga kesho yake, na keshokutwa, na siku iliyofuata. Kila siku alisema ndiyo. Taarifa zake zilifika ishirini na moja, zote zimefungwa kwa adabu. Mara mbili fundi aliletwa, na mara zote mbili alikuja saa tatu asubuhi, akakuta taa ya kijani, akanywa maji, akaondoka. Dakika za Shangazi zilikuwa zinamwagika. Alianza kuingia kazini saa kumi na moja alfajiri na kuacha mapumziko ya chakula ili azirudishe. Bibi alilalamika kwamba mwanawe amekuwa kama redio yenye stesheni moja.

"Nikimwita ananiambia pole. Nikimwuliza pole ya nini, anasema niwe na subira. Mimi mteja wake?"

Wiki moja ilipobaki kwenye mwezi wa tatu ndipo Shangazi alipompigia fundi wa siku nyingi wa kampuni, waliyemzoea kwa jina la Ngazi. Ngazi hakuwa na zamu kwenye mtaa wetu. Alikuja kwa hisani tu, wakati wa mapumziko yake, na kwa hiyo akawa fundi wa kwanza kufika saa nane mchana. Alipanda moja kwa moja hadi juu ya paa la jengo, nasi tukamfuata.

Kule juu kulikuwa na kisanduku cha chuma kinachogawa intaneti kwa jengo zima. Ngazi aliugusa mfuniko wake akauondoa mkono haraka.

"Hapa unakaanga yai," alisema. Aliufungua kwa kitambaa. Feni ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, imejaa vumbi. "Jua likipiga, mashine inazidiwa na joto, inakata. Mkiizima ruta na kuiwasha inajikakamua dakika chache, inakata tena. Hii si ya leo, Mama Pole. Ngoja nikuonyeshe."

Alitoa simu yake akaingiza namba ya kisanduku. Ikatokea orodha ndefu. Chini ya zile taarifa ishirini na moja za Shangazi zilikuwapo nyingine zaidi ya arobaini za msimu wa joto uliopita, karibu zote kutoka kwa mteja mmoja, karibu zote saa nane au saa tisa mchana. Kila moja ilikuwa na alama ya kufungwa siku ile ile.

"Sasa hapa ndipo ninapochoka," Ngazi alisema. "Sisi mafundi hatupewi kifaa kipya mpaka taarifa ikae wazi siku saba. Hii haijawahi kukaa hata siku moja. Kuna mhudumu mmoja huko kwenu, huyu namba mia na kumi na nne, amefunga karibu zote za mwaka jana. Angeiacha moja tu wazi, tungebadilisha feni mwaka jana."

Shangazi alishika ukingo wa tangi la maji lililokuwa pale juu.

"Unamjua?" Ngazi aliuliza.

"Ni mimi," alisema.

Ngazi aliifuta skrini ya simu kwa kidole gumba, ingawa haikuwa na uchafu. Alisema basi, wahudumu hawaonyeshwi mtaa wala jengo, wanaona namba tu, angejuaje. Shangazi alikubali kwa kichwa. Aliuliza mteja yule anakaa ghorofa gani. Ngazi akasema ya nne.

Sote tulijua nani anakaa ghorofa ya nne. Ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mzee anayevaa shati lililopigwa pasi hata akienda kununua mkate. Baada ya kustaafu alikuwa akifundisha wanafunzi kwa kompyuta, mchana wanapotoka shule. Siku hizo tulimwona akikaa mlangoni pa duka la vifaa vya umeme, akimsaidia mwenye duka kuandika risiti. Hatukuwahi kujiuliza wanafunzi walikwenda wapi.

Siku hiyo Shangazi alifungua taarifa mpya na akakataa kusema ndiyo. Kijana akahesabu naye mpaka kumi, taa ikawaka, akauliza swali la mwisho.

"Hapana," Shangazi alisema. "Iache wazi."

"Mama Pole, lakini kijani inawaka."

"Itazimika sasa hivi."

"Ikizimika utapiga tena. Wewe mwenyewe ulitufundisha hivyo."

"Nilikufundisha vibaya, mwanangu. Iache wazi."

Walimpigia kila siku kwa siku saba, wahudumu mbalimbali, wote wanafunzi wake. Mmoja alimbembeleza, mmoja alimtania kwamba uzee umemfanya mkorofi, mmoja alikata simu. Siku ya nane kisanduku kipya kilipanda juu ya paa, na toka hapo intaneti yetu haijakatika hata mara moja. Lakini mwezi wa tatu ulikuwa umekwisha siku moja kabla.

Msimamizi alipiga simu wiki iliyofuata. Shangazi aliiweka kwenye spika kwa sababu Bibi alitaka kusikia mwenyewe.

"Mama Pole, kwa ufungaji wa taarifa wewe ni wa kwanza. Tatizo ni dakika. Mchana hupo hewani kabisa."

"Intaneti yenu ilikuwa inakatika. Nilitoa taarifa."

"Naziona hapa. Ishirini na moja, zote umethibitisha mwenyewe kwamba tatizo limekwisha. Ipo moja iliyokaa wazi, na hiyo tumeishughulikia. Ungetusaidia kama ungesema mapema, mama."

"Jicho la mama yangu..."

"Naelewa. Pole sana," alisema msimamizi. "Mkataba wa mwaka upo kama kawaida. Na tungependa uwafundishe hawa watatu waliopata, unajua wewe ndiye unayeiweza kazi hii. Kuna jingine la kukusaidia?"

Bibi aliinama kuelekea sauti ilikotoka. "Hakuna," alisema. "Funga."

Jioni ile Shangazi alipanda ghorofa ya nne, akaniomba nimsindikize. Nadhani aliogopa kughairi njiani. Mwalimu alitufungulia akiwa ameshika kitabu, akatukaribisha kwenye viti vya plastiki. Kompyuta yake ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cha mezani.

"Mwalimu," Shangazi alianza, "mwaka jana ulikuwa ukipiga simu kituo cha intaneti, mchana. Aliyekuwa anapokea ni mimi. Sikujua ni wewe. Nilikuwa nafunga taarifa zako."

Mzee alifumba macho kama anayejaribu kusikia kitu cha mbali.

"Hesabu nami mpaka kumi, polepole," alisema. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Nisamehe."

"Nilikuwa najua haijapona. Kila siku nilijua. Ila ulikuwa unauliza kwa heshima mno, binti yangu, nikaona haya kukukatalia. Angekuwa mtu wa kunifokea ningemfokea." Aliweka kitabu chini. "Nilikuwa na wanafunzi tisa. Wazazi walisema mzee mwenyewe anapotea katikati ya somo. Wa mwisho aliniaga kwa ujumbe."

"Sasa kisanduku ni kipya. Ukitaka, naweza kuomba wakurudishie intaneti."

"Watoto wale walishafanya mtihani," alisema.

Hakutufukuza. Alitusindikiza mpaka mlangoni, akamwambia Shangazi asante kwa kuja, akafunga.

Shangazi angali anafanya kazi ile. Alikataa kuwafundisha wale watatu, na sasa mteja asiyeridhika anamwachia taarifa yake wazi. Mwezi uliopita jina lake lilikuwa la mwisho kwenye orodha, na msimamizi amemwandikia barua ya onyo ambayo ameikunja akaiweka chini ya ruta. Mkataba wake unakwisha baada ya miezi minne.

Mwaka umekwisha. Daktari alilipima tena jicho la Bibi akasema tusiendelee kulipia safari za kwenda kwake, hakuna tena cha kupasua. Siku hizi Bibi hupapasa ukuta akienda bafuni, na akifika penye ile karatasi mlangoni husimama akasikiliza. Shangazi akiwa anaongea na mteja, humngoja mpaka amalize, kisha huita kwa sauti ya chini ili asiharibu kazi:

"Mwanangu, nishike mkono."