Binti Aliyewahi Mafunzo Kiomboi

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, pale Kiomboi, na sikuwa nimeonja kitu zaidi ya chai. Ukitaka kucheka, cheka, ila nisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa kompyuta, naishi Utemini, Singida mjini. Kiangazi kilichopita niliitwa kufundisha vijana ambao hawajawahi kuandika programu hata siku moja. Nikatangulia siku moja kabla, na laptop za kuazima, ili niweke Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye kila moja. Mtandao kwenye ukumbi wa mafunzo ulikuwa wa kusuasua, kwa hiyo faili la kusakinisha nilikwenda nalo kwenye flashi. Mama Mkumbo, anayeutunza ukumbi ule, alinifungulia, akaniachia chupa ya chai, akarudi kwake, nyumba ya jirani tu.

Waliofanya kazi hii wanajua inavyochosha. Unasakinisha, unaiita Python, kompyuta inakujibu haiijui. Unarudi nyuma unakuta kuna kisanduku hukukiwekea tiki. Unaanza upya. Jua lilikuwa linazama ndipo ya mwisho ikakubali. Nikaandika programu fupi ya majaribio: inakuuliza jina, ukilijaza inakukaribisha.

"Shikamoo mwalimu. Nimewahi mafunzo."

Binti mmoja, sweta la kijani, kasimama mlangoni.

"Marahaba. Mafunzo ni kesho, dada."

"Kesho sitaweza."

Wewe ungemfukuza? Nikamvutia kiti. Akaandika Eliwaza kwa kidole kimoja, na niamini, vile vibonyezo havikutoa sauti yoyote. Kompyuta ikajibu: Karibu Eliwaza. Akaitazama muda mrefu.

"Imenijua," akasema. "Itanikumbuka?"

"Ukiifunga inasahau. Labda uhifadhi."

"Basi nihifadhi, mwalimu."

Nilitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Nikauona mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye vibonyezo, na nguvu ya kuurudisha sina. Ukahifadhi.

"Mwalimu, unaongea na nani?"

Alikuwa Mama Mkumbo, kaniletea chakula. Nikageuka, kiti kitupu. Ukumbi ule una mlango mmoja, na yeye ndiye alikuwa amesimama pale. Nikamwambia kuna binti alikuwa hapa, anaitwa Eliwaza, anasema kesho hataweza.

Akaiweka sahani chini polepole, na yeye mwenyewe akakaa sakafuni. Akaniambia Eliwaza alikuwa mwanawe wa mwisho. Yalipofanyika mafunzo kama haya mara ya kwanza, alikuwa amejiandikisha, homa ikamlaza. Jioni ya mwisho alimwambia, "Mama, kesho sitaweza." Hakuiona asubuhi.

Kesho yake vijana wakaja. Kila mmoja aliandika jina lake, na kila kompyuta ikajibu: Karibu Eliwaza. Hazikuwa zimeunganishwa na chochote. Mwanzoni walicheka. Nikafuta Python yote, nikasakinisha upya mbele yao. Karibu Eliwaza. Hapo wengine wakachukua mabegi yao. Nilipotaka kusafisha laptop nzima nianze na mashine tupu, Mama Mkumbo akanishika mkono.

"Mwanangu, unamfuta?"

Nikauondoa mkono kwenye vibonyezo, sikufuta.

Laptop zilirudi kwa wenyewe na sijasikia wakilalamika. Yanayotokea yananitokea mimi. Kompyuta yoyote nikiiwekea Python kwa mikono yangu, inamkaribisha yeye kabla sijaandika neno. Nimeombewa kanisani, shehe mmoja jirani naye akanisomea dua. Hakuna kilichobadilika. Kufundisha nimeacha, siku hizi natengeneza simu.

Mama Mkumbo hunipigia jioni. "Yupo?" Nikisema yupo, analia. Siku moja nilimdanganya kwamba ameondoka, akalia mpaka simu ikakatika, nikampigia mwenyewe kumwambia yupo.

Kwa hiyo wewe unayeandaa kompyuta peke yako, akitokea mtu kuwahi, muulize kwanza ni mtoto wa nani. Usimpe kiti kabla hajakujibu. Yule binti alikaa kidogo tu akaondoka, na sijamwona tena. Aliyebaki ni mama yake, naye anapiga simu kila jioni, na mimi napokea.